Mkono Begani mwa Mangi

Bi Esha binti Matano alikuwa mshonaji wa Msambweni, na katika mji ule hakuna aliyekunja pindo nyoofu kama lake, wala hakuna aliyekuwa na ulimi mkali kama wake. Mwaka wa 1957 alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Cherehani yake ya mkono aliiweka kwenye baraza ya nyumba, na wateja walimletea vitambaa wakasema haja yao kwa maneno machache, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kuna watu ambao Bi Esha hasemi nao, na kila mtu alichelea kuingia katika hesabu hiyo. Wazee wa klabu ya mpira walikuwamo wote, bila kubaki hata mmoja.

Klabu hiyo iliitwa Magome, na jina hilo lilitoka mikononi mwake mwenyewe. Mwaka wa 1930 kaka yake, Alfani Matano, alirudi kutoka Mombasa, alikokuwa akipakua shehena bandarini Kilindini. Alirudi na mpira wa ngozi wenye viraka vitatu. Akawakusanya vijana wenzake wa Msambweni, akawafundisha kuucheza katika uwanja wa mchanga nyuma ya shule, na kila aliyeupiga mpira kwa kidole cha mbele alimtukana mpaka akajua kuupiga kwa upande wa mguu. Jezi hawakuwa nazo. Esha, bibi arusi wa mwaka mmoja wakati huo, alishona fulana kumi na moja za marikani, akazichemsha pamoja na magome ya mikoko katika sufuria aliyopewa arusini. Sufuria iliharibika, lakini fulana zilitoka na wekundu mzito ambao jua wala chumvi haikuupausha. Siku ya kwanza waliyocheza Kombani, wenyeji waliwacheka wakasema hawa wamevaa magome. Alfani alilipenda neno hilo. Aliporudi nyumbani alisema klabu imekwisha kupata jina.

Miaka miwili baadaye waliwafunga watu wa Majoreni mabao manne, na mpiga picha mmoja wa Kihindi aliyekuwa akipita kwenda Vanga akawapanga mbele ya ukuta wa shule. Zilitolewa picha tatu. Moja ililiwa na mchwa, ya pili iliungua pamoja na nyumba ya mchezaji mmoja. Ya tatu ilikuwa ya Alfani, na Esha aliihifadhi ndani ya sanduku la mvule, imefungwa kwa leso mbili.

Picha hiyo ndiyo iliyowaleta wazee wa klabu barazani kwake, asubuhi moja ya mwezi wa Agosti.

Walikuja wawili. Wa mbele alikuwa Mwinyihaji, mwenye duka kubwa la boriti na vyakula, golikipa wa zamani, ambaye sasa ndiye mwenyekiti. Wa nyuma alikuwa Athmani, katibu, mwalimu kijana kutoka Diani aliyehamia pale mwaka uliopita. Mwinyihaji alitoa salamu. Bi Esha aliiitikia kwa sababu kuitikia salamu ni wajibu, akaishia hapo. Karibu hakusema, na mkeka hakuutandika, kwa hiyo wakazungumza wakiwa wima juani.

Mwinyihaji alieleza kwamba klabu inataka kuwakumbuka waasisi wake. Picha ya zamani itapelekwa Mombasa ikuzwe, itiwe rangi kwa mkono, iwekwe kwenye fremu yenye kioo. Chini yake utatundikwa ubao wa mvule wenye majina ya wale kumi na mmoja wa kwanza. Mudiri mwenyewe, mkuu wa serikali wa eneo lile, atakuja kuvifunua, na siku hiyo Magome watacheza na Majoreni. Tayari fundi ameanza kuchonga ubao. Kilichobaki ni picha tu, naye anajua kwamba Bi Esha anayo.

Bi Esha aliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno. Akasema anataka kuyasikia majina.

Athmani alitoa karatasi mfukoni akasoma. La kwanza lilikuwa la Mwinyihaji, na mbele yake pameandikwa nahodha. La mwisho lilikuwa la Kalama, ndugu yake Mwinyihaji, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvaa jezi ya mpira wa aina yoyote.

"Soma tena," alisema Bi Esha.

Kijana akasoma tena, sauti yake sasa imepungua, kwa kuwa alikwisha kuhisi kwamba amesimama mahali pabaya.

"Na Alfani Matano yuko wapi?"

Athmani alimtazama mwenyekiti wake. Mwinyihaji alikuwa ametayarisha jibu. Alisema kwa upole kwamba yaliyopita ni ya Mwenyezi Mungu. Siku hiyo watakuja wageni wa kila mahali, na jina lile likisomwa, wataulizana mtu yule alipatwa na nini, na habari ya maradhi itafufuka midomoni mwa watu. "Twataka kumsitiri marehemu, Bi Esha," alisema. "Na wewe pia, na watoto wako."

"Mlimsitiri kwa mafuta ya taa, Mwinyihaji?"

Alimwita hivyo hivyo, bila bwana, bila ami. Athmani, ambaye alikuwa mgeni, hakuelewa neno la mafuta ya taa limeingiaje, lakini aliona shingo ya mwenyekiti ikivimba, akaikunja karatasi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa 1938 Alfani alianza kuota mabaka mgongoni, yasiyohisi hata ukiyafinya. Baadaye vidole viwili vya mkono wa kulia vikajikunja. Alivificha kwa muda, akicheza huku amekunja ngumi, mpaka siku moja alipoungua kwa sufuria na asijue. Hapo mji mzima ukajua kuwa ni ukoma. Jumapili iliyofuata wanachama wa Magome walikutana uwanjani bila ya yeye. Walitoa jezi yake, viatu vyake, benchi alilokuwa akikalia, na ule mpira wa viraka aliouleta kutoka Kilindini, wakavirundika katikati ya uwanja. Mwinyihaji alimimina mafuta ya taa na kutia kiberiti. Alfani alikuwa amesimama kwenye ukingo wa uwanja, karibu na mwembe wa shule, na dada yake ubavuni pake. Hakuna aliyemwambia neno. Ngozi ya mpira ilipopata moto ilitoa sauti kama mtu anayekohoa. Baada ya hapo walimtuma mjumbe kumwambia kwamba asikanyage uwanja tena, na wiki ile ile Alfani alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma upande wa baharini. Huko aliishi miaka sita. Kila Ijumaa Esha alimpelekea wali na samaki. Wanachama wa Magome walikuwa kumi na mmoja na zaidi, na katika miaka hiyo sita hakuna aliyevuka ule ua wa kambi kumwamkia.

Picha Bi Esha hakuitoa. Alimwambia Mwinyihaji kwamba atakapoliandika jina la kaka yake mahali pa kwanza, na neno nahodha mbele yake, siku hiyo na aje na mkeka wake wa kukalia. Akaanza mshono mwingine, na wageni wakaondoka.

Tangu siku hiyo mji ulimgeukia. Haukupigwa ukelele wala hakikurushwa kitu. Watu walimpitia tu. Vitambaa vya Maulidi vilipelekwa kwa fundi wa sokoni. Wanawake wawili waliokuwa wameacha magauni yao kwake walikuja kuyachukua kabla hayajatiwa mikono, wakisema haraka imeingia. Kisimani, ndoo yake ilisogezwa nyuma ikiwa imekwisha kufika mbele. Kisha likazuka neno kwamba ile picha imekaa na mgonjwa kambini miaka sita, na kwamba anayeihifadhi nyumbani anahifadhi maradhi, na mtu anayemshonea mwanawe kwa mikono hiyo basi na aangalie. Aliyelianzisha hakujulikana. Bi Esha alimjua. Aliwajibu kwa namna yake. Mtu aliyesogeza ndoo yake kisimani, Bi Esha alimmwagia ya kwake chini, mbele ya wote, na kumwambia achote upya ili ajue ladha ya kungoja. Hilo halikumpunguzia maadui.

Aliyeumia zaidi alikuwa mumewe. Salimu alikuwa mkata boriti, mtu mpole, mwenye kuinamisha kichwa akizungumza, na boriti zake zote alimuuzia Mwinyihaji. Mwezi wa Septemba Mwinyihaji alimwambia kwamba kwa sasa hana haja ya boriti. Mzigo uliokwisha kukatwa ulilala ufuoni, ukaanza kupasuka kwa jua. Salimu hakulalamika. Alikuwa akiutazama tu kila alfajiri, kisha anarudi nyumbani kukaa. Mara moja alimwambia mkewe kwamba Alfani amekwisha kufa miaka kumi na mitatu, na picha ni karatasi. Bi Esha alimtazama muda mrefu, hata Salimu akainuka kwenda kutafuta kitu uani ambacho hakikuwapo.

Siku Bi Esha alipokwenda Diani kupima nguo za arusi ya jamaa zake, na huko akalala siku mbili, Salimu alifungua sanduku la mvule.

Bi Esha alijua kabla ya kulifungua, kwa kuwa alikuta zile leso mbili zimekunjwa vizuri juu ya kitanda, kama vile mtu aliyefanya hivyo alitaka angalau kitu kimoja kiwe kimefanywa kwa heshima. Alimkuta mumewe uani.

"Umempa?"

Salimu alikiri. Alisema Mwinyihaji ameapa kuirudisha baada ya wiki mbili, na kwamba yeye amechoka kuishi kama mtu aliyetengwa katika mji aliozaliwa. Alisema alitaka amani tu.

"Amani umeipata," alisema Bi Esha. "Mimi sitakusumbua."

Na kweli hakumsumbua. Aliendelea kumpikia na kumfulia. Alimwekea sahani yake na kwenda kula jikoni peke yake, na maneno aliyomwambia kwa siku nzima yalikuwa yale tu yasiyoepukika, kwamba maji yamekwisha au mlango haujafungwa. Boriti za Salimu zilinunuliwa wiki hiyo hiyo.

Siku ya kufunua ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Oktoba, baada ya sala ya adhuhuri. Bi Esha hakuwa amealikwa. Alivaa leso zake nzuri, akaenda, akasimama miongoni mwa wanawake karibu na mlango wa nyumba ya klabu, na wanawake wakampa nafasi pana kuliko aliyohitaji. Watu wa Majoreni walikuwa wamefika kwa lori, na wachezaji wao walikuwa wamekaa chini wakifunga viatu. Ukutani palining'inia kitu kipana kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe, na chini yake ubao wa mvule uliopakwa mafuta mpaka ukang'aa. Mwinyihaji alihutubia kwa muda mrefu. Alisimulia jinsi alivyoianzisha klabu kwa jasho lake, jinsi alivyowaunganisha vijana, na jinsi alivyotafuta mpira wa kwanza huku na huku. Hakusema aliupata wapi. Kisha mudiri akavuta kamba.

Watu walipiga makofi, kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Jezi zimetiwa wekundu, ukuta wa shule umetiwa weupe, na hata mawingu yaliongezwa juu ambayo siku ile hayakuwako. Wachezaji walikuwa kumi. Katikati ya mstari wa nyuma, mahali aliposimama Alfani, fundi wa Mombasa alikuwa amechora nguzo nyeupe, nzuri, yenye kivuli chake. Bi Esha aliitazama nguzo hiyo. Ndipo alipouona mkono.

Alfani alikuwa amesimama karibu na Mangi, beki wa kushoto, na siku ile ya mabao manne alikuwa amemwekea mkono begani. Fundi aliweza kuufuta mwili, uso na miguu. Mkono ule hakuweza kuufuta bila kuharibu shingo na jezi ya Mangi, au pengine hakuuona, au alichoka. Ulikuwa pale, vidole vitano vimelala juu ya bega la Mangi, vimenyooka, vizima, vimetoka kwenye nguzo.

Makofi yalipungua kidogo kidogo. Mtu mmoja wa Majoreni aliuliza kwa sauti kama nguzo za Msambweni huwa na mikono, na wenzake wakacheka. Lakini watu wazima wa Msambweni hawakucheka, kwa sababu walikuwa wameutambua.

Bi Esha alipita katikati ya wanaume, kitu ambacho siku nyingine asingekifanya, akasimama chini ya picha.

"Mwinyihaji," alisema, "mkono huu ni wa nani?"

Mwinyihaji alimwambia mudiri kwamba mwanamke huyu ana huzuni ya zamani na asisikilizwe. Aliwaashiria vijana wawili wamwondoe. Vijana hawakusogea, kwa kuwa wote wawili nguo zao za jando zilishonwa naye. Bi Esha aliuliza mara ya pili, sauti ile ile, hakuipandisha.

Aliyejibu alikuwa Mangi mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye viti vya waasisi, mtu mzima sasa, mwenye nywele nyeupe, mgema wa minazi. Aliinuka kwa kujisukuma magotini.

"Ni wa Alfani Matano," alisema. "Alikuwa nahodha wetu. Na kuni za kuvichomea vitu vyake nilizileta mimi."

Mudiri alitazama saa yake. Mwinyihaji alitangaza kwamba mchezo unaanza, na watu wakaenda uwanjani wakiwa wamefurahi kupata mahali pengine pa kutazama. Mangi alibaki amesimama akimtazama Bi Esha, labda akingoja neno la shukrani. Hakulipata. Bi Esha alimwambia kwamba amelisema hilo baada ya miaka kumi na tisa, mbele ya mudiri, akiwa ameketi kwenye kiti cha heshima, na kwamba Alfani alifariki bila kulisikia. Kisha akaenda zake. Magome walifungwa siku hiyo, na watu wa Majoreni walirudi kwao wakiimba lorini juu ya nguzo yenye mkono.

Zile wiki mbili zilipita, na picha ya asili haikurudi. Salimu alitumwa kuidai akarudi na jibu kwamba imepotea Mombasa kwa mpiga picha. Mwalimu Athmani alikuja siku ya pili. Alimwamkia Bi Esha shikamoo, akabaki amesimama bila kukaribishwa, akasema kwamba aliiona picha kwa macho yake. Imo katika mtoto wa meza dukani kwa Mwinyihaji, chini ya vitabu. Alisema yeye ndiye aliyeipeleka Mombasa na ndiye aliyeirudisha, na kwamba hakujua lolote wakati huo. Bi Esha alimuuliza kwa nini basi hakuichukua akamletea. Athmani akaondoka na aibu yake.

Kesho yake Bi Esha alijitwika cherehani, akaenda nayo mpaka baraza ya duka la Mwinyihaji, akatandika mkeka mbele ya mlango, akakaa akaanza kushona. Mwinyihaji alimuuliza anafanya nini. Alisema anangoja picha ya kaka yake. Alishona mpaka magharibi, akajitwika cherehani yake, akarudi kwake. Kesho yake akaja tena.

Kila aliyekuja kununua sukari alimpita. Kila aliyempita alijua kwa nini yuko pale, na wale wasiojua waliuliza, naye aliwaeleza yote tangu sufuria ya magome hadi mafuta ya taa, bila kuongeza wala kupunguza, huku mwenye duka akisikia kila neno kutoka nyuma ya mizani. Siku ya tatu Mwinyihaji alimwaga maji barazani, akisema anasafisha. Bi Esha alinyanyua mkeka, akangoja pakauke, akautandika tena. Siku ya tano Kalama alikuja kumtukana, akamtukana kwa kituo, na Bi Esha alipoona amemaliza alimuuliza alikuwa akicheza nafasi gani mwaka wa 1930. Watu waliokuwapo walicheka. Kalama hakuja tena. Siku ya saba wanawake wawili waliochukua magauni yao walimletea tena, pale pale barazani, na Bi Esha aliyapokea bila tabasamu na kuyamaliza vizuri.

Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, Mwinyihaji alitoka na bahasha akaitupa kwenye mkeka.

"Chukua uchafu wako uondoke mlangoni kwangu."

Bi Esha aliifungua. Picha ilikuwa nzima, karatasi haikupasuka. Lakini juu ya Alfani, kuanzia paji la uso mpaka tumboni, mtu alikuwa amepiga msalaba mkubwa wa kalamu ya risasi, kwa mkono mzito, ili fundi ajue wa kumwondoa. Nyumbani aliufuta kwa kipande cha mkate, taratibu, kutwa nzima. Weusi ulitoka. Mchoro haukutoka, kwa sababu ncha ya kalamu ilikuwa imezama, na ukiinamisha picha kwenye mwanga uliona mistari miwili ikipita juu ya macho yake. Salimu alikuwa amekaa kizingitini akimtazama. Alianza kusema kitu, na Bi Esha akamwambia asiseme.

Mwezi wa Januari, Athmani alitumwa tena na wazee. Kamati imekaa, alisema. Watu wamesema sana. Imekubaliwa jina la Alfani Matano liongezwe kwenye ubao, la kumi na mbili, chini kabisa, bila cheo. Alilisema bila kumtazama machoni.

"Nenda uwaambie," alisema Bi Esha, "kaka yangu hakuwa mchezaji wa akiba. Wamwandike nahodha au wasimwandike."

Hawakumwandika. Mwinyihaji alisema kwamba mwanamke ameletewa heshima akaitupa, na kwa muda baadhi ya watu walimwona amezidi. Lakini wiki mbili baadaye, mchana, vijana walipokuwa wakifanya mazoezi, Mangi aliingia katika nyumba ya klabu na patasi na nyundo. Hakujificha. Alivuta kiti, akapanda, akalichimbua jina lake mwenyewe kwenye ubao wa mvule, herufi moja baada ya nyingine, hata pakabaki shimo lenye rangi ya mbao mbichi. Vijana walisimama mlangoni wakimtazama. Alipoulizwa, alisema kwamba yeye alicheza chini ya Alfani Matano, na katika timu nyingine yoyote iliyoandikwa pale hakuwahi kucheza.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Esha, vumbi la mbao kifuani, akamweleza. Bi Esha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikusamehe, Mangi," alisema.

"Sikuja kuomba," alijibu Mangi.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza. Bi Esha hakumfukuza. Alikuwa na koti la mwanafunzi la kutia vifungo, akaendelea nalo. Mbele yao barabara ilikuwa tupu kwa joto, na kwa upande wa shule zilisikika sauti za vijana waliorudi kwenye mazoezi. Adhana ya alasiri ilipolia, Mangi aliinuka, akajikung'uta, akaenda msikitini.

Mwinyihaji hakuutengeneza ubao. Fundi alimwambia kwamba akilipitishia randa shimo lile itabidi apige randa majina yote, na fundi mwenyewe hakutaka kuyachonga upya. Ulibaki hivyo ukutani, kumi na shimo, chini ya picha yenye nguzo, na timu za wageni zilizokuja kucheza ziliomba kuingia kuutazama. Mwaka wa 1959 Mwinyihaji aliacha uenyekiti akisema ana shughuli nyingi za duka. Bi Esha alianza kula tena pamoja na mumewe mwezi wa Ramadhani wa mwaka uliotangulia, wakati wa kufuturu, bila kueleza kwa nini. Salimu naye hakuuliza.

Picha aliitundika sebuleni, ukuta unaoelekea mlango, msalaba wake juu yake. Wateja waliokuja kupimwa nguo walisimama mbele yake, mikono imeinuliwa, huku Bi Esha akizungusha kamba ya kupimia kiunoni mwao, na akiwa na sindano mdomoni aliwataka wamtazame yule wa katikati, wasogee wamwone vizuri.